Zebaki ya Jikoni: Shajara ya Kitangari, 2024

Jumatatu, 3 Juni. Kitangari

Chupa zimefika salama. Kila moja niliifunga ndani ya mifuko miwili, nikazipanga kwenye sanduku la bati na kulipakata kutoka Dar es Salaam mpaka hapa, kondakta akitaka liingie kwenye buti nami nikikataa. Ni chupa za kioo kizito, zimelowekwa kwenye asidi ya naitriki na kusuuzwa kwa maji safi ya maabara. Za plastiki nimeziacha, kwa sababu mvuke wa zebaki hupenya ukuta wa plastiki ya kawaida, ukaingia au ukatoka, na sampuli ikabadilika bila mkono wa mtu kuigusa.

Msimu wa salfa umeanza. Mikorosho inachanua, na kabla jua halijachomoza mashine za kupulizia zinanguruma kila upande, vumbi la njano likining'inia juu ya mashamba. Mdogo wangu analalamika kuwa nguo zikianikwa asubuhi zinarudi na harufu ya kiberiti.

Hakuniita kwa ajili ya salfa. Mtoto wake, ambaye kwangu naye ni mwanangu, alikuwa machimbo ya Namungo, wilaya ya Ruangwa, na tangu masika yupo nyumbani. "Dada, mikono inamtetemeka. Akishika kikombe cha chai naangalia pembeni." Halafu akaniambia lile lililonifanya niombe likizo: kila aliporudi na mzigo wake, alikuwa akiuchomea humu humu jikoni kwake.

Jumanne, 4 Juni

"Shikamoo mama mkubwa." Nimeitikia, akakaa kwenye mkeka, na kwa muda mrefu tukazungumza habari za korosho tu. Baadaye mwenyewe akaanza.

Mawe yanatoka duarani, yaani shimoni, yanasagwa kwenye karasha hadi kuwa unga, unga unapitishwa na maji mwaloni, pale pa kuoshea, ili mazito yabaki. Yale mazito yanatiwa kwenye beseni, inamiminwa zebaki, na mtu anakanda kwa mikono mitupu. Zebaki inaikamata dhahabu. Kisha mchanganyiko unakamuliwa ndani ya kitambaa, zebaki ya ziada inachuruzika, na kinachobaki mkononi ni donge jeupe linalong'aa. Donge hilo likitiwa moto, zebaki inaondoka na dhahabu inabaki.

Nimemuuliza kwa nini hakuchomea kule kule. Kasema mwalo una macho mengi. Ukiwasha moto mbele ya watu, kila mtu anakumbuka deni lake. Basi alikuwa akilifunga donge kwenye kitambaa, akasafiri nalo, na usiku analiweka juu ya kifuniko cha kopo la maziwa kwenye jiko la mkaa. Mlango anaufunga, jirani wasione.

Anaufunga mlango. Hilo limenikaa kichwani jioni yote. Zebaki huchemka ikifika nyuzi 357 hivi, na mkaa uliokolea unapita joto hilo kwa mbali. Peter van Straaten, aliyechunguza machimbo ya Tanzania na Zimbabwe na kuandika mwaka 2000, alikadiria kwamba kila gramu moja ya dhahabu inayopatikana hugharimu gramu 1.2 hadi 1.5 za zebaki zinazopotea katika mazingira, na asilimia 70 hadi 80 ya hizo huenda hewani. Mwaloni hewa hiyo ni ya bonde zima. Humu ni ya chumba cha hatua tatu kwa nne, chenye dari la masizi, na mama anayepikia humo asubuhi na jioni.

Nimemuuliza pia kama anajua kuwa ile zebaki ni sumu. Anajua. Walikuwa wakiambiana wasiimeze. Na hapo ndipo penye hatari yenyewe, kwa sababu zebaki ya maji maji ikimezwa, utumbo huchukua sehemu ndogo mno, chini ya moja katika elfu kumi, nyingine hutoka na choo. Mvuke wake ukivutwa, mapafu hubakiza kama asilimia 80, na kutoka kwenye damu huvuka hadi kwenye ubongo. Kwa mwenye mimba huvuka hadi kwa mtoto. Hauna harufu wala rangi. Watu wanaogopa ile wanayoiona kwenye kiganja.

Jumatano, 5 Juni

Kazi ya sampuli. Nimeanzia mahali ninapoamini ni safi na kumalizia pachafu, ili nisibebe uchafu kwa viatu na glavu: shambani kwanza, mbali na nyumba, upande upepo unakotokea; kisha chini ya mkorosho mkubwa wa uani; kisha chini ya michirizi ya paa; kisha kizingitini; mwisho sakafu ya jikoni, kando ya mafiga, na masizi ya darini. Kila mahali nimebadilisha glavu. Udongo wa juu tu, kina cha vidole viwili. Zebaki iliyoanguka kutoka hewani haizami upesi, hata kwenye kichanga chetu hiki kinachomeza maji ya mvua.

Masizi yalitaka uvumilivu. Ningeyakwangua kwa kisu makavu yangenimwagikia usoni na chumbani kote. Nimeyalowesha kwanza kwa kitambaa chenye maji, nikayang'oa yakiwa tope. Ni meusi, yana mafuta, yamejishika kwenye miti ya dari kama ngozi ya pili, na ndani yake imo mioshi yote ya nyumba hii tangu ilipojengwa. Nayategemea kuliko udongo, kwa sababu kaboni hunasa mvuke wa zebaki vizuri.

Chupa moja nimeifungua jikoni, nikaiacha wazi kwa muda uleule niliotumia kuchota sampuli nyingine, nikaifunga bila kutia kitu. Mdogo wangu akauliza, "Hiyo umesahau kuijaza?" Nikamwambia: ukipeleka korosho kwenye chama, karani hupima gunia lenye korosho, kisha huondoa uzito wa gunia. Hii chupa ndilo gunia langu. Bila hiyo sitajua ni kiasi gani cha zebaki nilichokileta mwenyewe kwenye kioo, kwenye asidi, kwenye mikono. Akatikisa kichwa kukubali. Wanawake wa huku wameumizwa na mizani vya kutosha kulielewa jambo hilo bila darasa.

Jumamosi, 8 Juni

Leo kwenye ufa wa sakafu, karibu na mguu wa kinu, nimeiona zebaki yenyewe. Chembe za rangi ya fedha, ndogo kuliko punje ya ulezi, zinakimbiliana ukizigusa na ncha ya jani. Mdogo wangu alikuwa anazifagia tangu masika akidhani ni vipande vya sufuria.

Nimemkataza kufagia. Ufagio unaipasua chembe moja kuwa mia, na eneo linalotoa mvuke linaongezeka. Tumezikusanya kwa kadibodi na mkanda wa gundi, zikaingia kwenye chupa yenye maji. Zilizobaki ndani ya ufa, nimeomba kopo la salfa kwa jirani na kuzinyunyizia kwa wingi. Salfa na zebaki huungana zikawa unga mweusi usiotoa mvuke kama ile ya awali. Muungano huo ni wa polepole na haufiki kila chembe, kwa hiyo haumfanyi mtu aseme jikoni pamepona. Lakini salfa ndiyo iliyopo, na huku haikosekani nyumba hata moja.

Kijana alisimama mlangoni akitazama. Nikamweleza kitu kilichomfanya acheke kwa mara ya kwanza tangu nifike: kuna mashine za maabara zinazochoma sampuli na kuupitisha mvuke wake juu ya chembechembe za dhahabu. Dhahabu inainasa zebaki yote, kisha inapashwa moto ghafla na kuiachia kwa mkupuo, ikapimwa. "Kwa hiyo nyie mnaikamata zebaki kwa dhahabu." Ndiyo, mwanangu. Kazi ni ileile, imegeuzwa tu.

Jumapili, 9 Juni

Nimechukua nywele zao, mama na mwana, kutoka kisogoni, karibu na ngozi, na upande wa ngozi nimeufunga uzi. Wakati wa kufunga bahasha nikaona kipande cha sabuni kwenye dirisha la bafu, hakina jina la kiwanda, na rangi yake nimeijua. Ni ya mdogo wangu. Ameinunua mnadani, "ya kutakatisha." Nimeomba nichukue ukucha mmoja wa sabuni hiyo pia. Amenipa bila maneno, ila usiku hakunisemesha sana, na namwelewa.

Kuhusu sabuni za namna hiyo Shirika la Afya Duniani limeandika: zenye zebaki huwa na iodaidi ya zebaki kiasi cha asilimia 1 hadi 3. Nisipoipima, nitakuja kulilaumu jikoni kwa kosa la bafu.

Jumatatu, 17 Juni

Idd. Pilau, wageni, watoto na nguo mpya. Tumepika nje chini ya mkorosho, kwa amri yangu. Hakuna aliyeuliza kwa nini. Kijana ameshika sahani ya mzee mmoja kwa mikono miwili ili isimwagike.

Jumatatu, 24 Juni. Dar es Salaam

Mkuu wa maabara yetu amekubali sampuli zipimwe, kwa ridhaa za maandishi za wote wawili. Amesisitiza jambo ambalo nami ningelisema: nywele pekee hazitoshi. Nywele ni shahidi mzuri wa methili-zebaki, ile inayopanda kutoka kwenye tope hadi kwenye samaki hadi kwa mlaji. Anayevuta mvuke anapimwa kwa mkojo. Nimempigia mdogo wangu simu. Wataenda hospitali ya Ndanda, daktari awaone kwanza na mkojo uchukuliwe huko.

Leo ni kuosha tu. Kila chombo kinalala kwenye asidi. Wageni wa maabara huona kazi hii ya kitoto, na hapa ndipo wengi huharibikiwa. Kiwango cha Tanzania kwa maji ya kunywa ni miligramu 0.001 za zebaki kwa lita, yaani sehemu moja katika milioni elfu moja. Ukishuka kwenye vipimo hivyo, chupa iliyooshwa haraka inaweza kuwa na zebaki nyingi kuliko sampuli.

Jumatano, 26 Juni

Kuyeyusha. Nusu gramu ya udongo uliokaushwa kwa hewa. Sikuutia kwenye oveni, joto lingeifukuza zebaki kabla sijaipima. Mchanganyiko wa asidi ya haidrokloriki na ya naitriki, bafu la maji moto nyuzi 95, kisha permanganeti ya potasiamu hadi rangi ya zambarau ibaki. Zambarau ndiyo inayoniambia kwamba zebaki yote imelazimishwa kuwa katika hali moja, iliyoyeyuka, na haina pa kukimbilia.

Udongo wa shambani ulitulia na zambarau yake. Wa chini ya mkorosho uliimeza. Nikaongeza, ukaimeza tena. Ni majani yaliyooza, na nadhani salfa nayo ilichangia. Masizi yalikuwa na njaa kuliko yote. Mtu mwenye haraka angeacha kuongeza, na majibu yake yangetoka madogo kuliko kweli, tena kwenye sampuli ile ile iliyo chafu zaidi. Nimeongeza hadi ikakaa dakika kumi na tano bila kufifia.

Alhamisi, 27 Juni

Siku ya mashine. Naiandika kwa kirefu kwa sababu kijana amenitaka nimweleze, na nikiweza kuiandika hapa nitaweza kumwambia.

Kila elementi, atomi zake zikiwa huru hewani, hufyonza mwanga wa rangi zake tu, hazigusi nyingine. Alan Walsh, huko Melbourne, ndiye aliyeifanya tabia hiyo kuwa njia ya kupimia metali katika maabara, kwa andiko lake la 1955. Kwa shaba au risasi unahitaji mwali wa moto au tanuri ndogo ili atomi ziachane. Zebaki haihitaji. Ni metali pekee ambayo mvuke wake katika joto la kawaida la chumba ni atomi moja moja zinazotosha kupimwa, ndiyo maana tayari mwaka 1939 Mmarekani T. T. Woodson alikuwa amechapisha habari za kifaa cha kuutafuta mvuke huo hewani. Mwaka 1968 Hatch na Ott wakaionesha njia ambayo bado tunaifuata: ukishaiyeyusha sampuli, ondoa zambarau kwa haidroksilamini, mimina kloridi ya bati. Bati linairudishia zebaki hali yake ya metali, unapuliza gesi ndani ya kimiminika, na zebaki inatoka na mapovu kama mvuke baridi. Mvuke unapita kwenye mrija mrefu wenye madirisha ya kwatsi pande mbili. Upande huu taa ya zebaki yenyewe inatoa mwanga wa nanomita 253.7, ambao jicho halioni. Upande ule kipokezi kinauhesabu. Mwanga unaopungua ndiyo zebaki iliyopita.

Mrija usipokaushwa vizuri, unyevu hutanda kwenye dirisha, mwanga hupungua, na mashine huandika zebaki isiyokuwepo. Klorini iliyobaki kutoka kwenye asidi nayo hufyonza karibu na pale pale, vivyo hivyo mivuke ya baadhi ya vimiminika vya mafuta. Mashine haijui tofauti. Inajua tu kuwa mwanga umepungua.

Leo sampuli tupu zilikuja juu. Zote, hata zile ambazo hazikuwahi kutoka nje ya chumba hiki. Nimesimamisha kazi. Nimejaribu maji peke yake: safi. Asidi: safi. Kloridi ya bati, kutoka kopo jipya lenye lebo nzuri na bei ya kutisha: hapo. Chumvi za bati mara nyingi hubeba chembe za zebaki tangu kiwandani. Dawa yake ni rahisi, naitrojeni ipulizwe ndani ya kimiminika hicho usiku kucha, zebaki itoke yote kabla ya kazi. Nimeiwasha na kufunga ofisi. Kesho tupu zitanena.

Ijumaa, 28 Juni

Tupu zimeshuka hadi chini kabisa. Chupa ya safari, ile iliyofunguliwa jikoni, iko juu kidogo ya nyingine: hewa ya chumba kile, kwa dakika chache tu, imeacha alama ndani ya kioo.

Kisha nikapima sampuli rejea, udongo wa Bonde la San Joaquin, California, ambao taasisi ya vipimo ya Marekani imeuthibitisha kuwa na miligramu 1.40 za zebaki kwa kilo. Majibu yangu yameangukia ndani ya mipaka yake. Sasa naweza kuziamini nambari zangu.

Shambani: zebaki haitofautiani na ile ya kawaida ya udongo. Chini ya mkorosho: imepanda, si sana. Michirizini: zaidi. Kizingitini: zaidi tena. Sakafu ya jikoni imepita kiwango changu cha juu cha kulinganishia. Nimeipunguza mara kumi kwa maji ya asidi ndipo ikasomeka. Masizi nimeyapunguza mara mia.

Nilitegemea hivyo, na bado nilikaa kitini.

Jumatatu, 1 Julai

Nywele na sabuni. Sabuni ina zebaki, tele.

Hapa ninawashukuru waliotangulia. Miaka ya 1990 Justinian Ikingura wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Hirokatsu Akagi wa Japani walipima samaki na nywele za watu wa machimbo ya Ziwa Victoria, nao daktari Masazumi Harada, aliyewahudumia wagonjwa wa Minamata kwa miaka mingi, alishiriki uchunguzi wa watu wa huko na kuuandika mwaka 1999. Minamata ugonjwa ulitambuliwa rasmi tarehe 1 Mei 1956, baada ya kiwanda cha Chisso kumwaga zebaki baharini na samaki kuwa sumu kwa waliowala. Kwa hiyo hapa kwetu wengi walitazamia samaki. Samaki wa ziwani walionekana na zebaki kidogo. Lakini baadhi ya watu walikuwa na zebaki nyingi mno nyweleni, na wengine kati yao hawakuwa wachimbaji. Walipotenganisha aina, sehemu kubwa haikuwa methili-zebaki ya samaki; ilikuwa ya sabuni za kutakatisha ngozi.

Nambari moja kubwa, na asili zake tatu: samaki, moshi, sabuni. Mashine yangu inajumlisha zote. Ndiyo maana sitamtumia mdogo wangu tarakimu ya nywele peke yake kwa ujumbe wa simu.

Jumatano, 10 Julai

Mkojo umepimwa, umerekebishwa kwa kreatinini ili wingi wa maji aliyokunywa mtu usidanganye.

Kijana ana zebaki nyingi. Mama yake ana nyingi kuliko yeye.

Nimerudia. Nimebadilisha chupa, nimemwomba mwenzangu apime bila kujua ni ya nani. Imebaki vilevile. Mwanamke ambaye hajawahi kuona mwalo, hajakanda beseni, hajauza hata pointi moja ya dhahabu.

Nikifikiri, haishangazi. Mwili hutoa nusu ya zebaki yake kwa muda wa kama miezi miwili, na kijana tangu masika hachomi tena, analala kwenye nyumba kubwa, anashinda shambani. Mama anawasha moto kila siku chini ya dari lile lile. Masizi yanapata joto, yanaachia, usiku yanapoa na kunasa tena. Na baada ya hapo anaoga kwa ile sabuni. Siwezi kusema ni sehemu gani imetoka dari na ipi bafuni. Naweza kusema kwamba zote mbili zinaondoleka.

Wachimbaji wadogo wa dhahabu ndio chanzo kikubwa kuliko vyote vya zebaki inayotolewa hewani na shughuli za binadamu. Tathmini ya Umoja wa Mataifa ya 2018 iliweka sehemu yao kuwa zaidi ya theluthi moja. Zebaki yao husemwa iko mitoni, maziwani, angani. Ningependa mtu aandike pia jikoni.

Jumapili, 14 Julai

Nimempigia. Kwanza nimemweleza la kufanya, ndipo nikamweleza tarakimu, kwa sababu ningeanza na tarakimu asingesikia la kufanya. Jiko lifungwe leo. Sabuni itiwe kwenye mfuko na isiguswe. Warudi Ndanda na karatasi nitakayoituma, daktari ndiye ataamua juu ya dawa. Akanyamaza, kisha akauliza jambo moja: "Na yeye anajua kuwa yangu ni nyingi?"

Bado. Nimemwambia nitamwambia mwenyewe, ana kwa ana.

Jumamosi, 3 Agosti. Kitangari

Nimemwambia kijana. Hakulia mbele yangu. Alichukua jembe, na kufikia mchana miti ya dari ilikuwa chini, ikiwa imeloweshwa maji, na yeye amejifunga kitambaa chenye unyevu puani na glavu nilizomletea. Udongo wa sakafu umechimbwa na kutiwa kwenye magunia mawili ya plastiki, moja ndani ya jingine, pamoja na masizi. Miti haitakuwa kuni. Nimewakataza kabisa, na nimerudia mbele ya watoto, maana ndio wanaookota kuni. Magunia na miti yako chini ya turubai mpaka afisa wa mazingira wa wilaya aje. Nimeongea naye na ameahidi.

Mikono ya kijana imetulia kiasi. Daktari kasema wanaovuta mvuke mara nyingi hupata nafuu wakitoka kwenye mvuke, na kwamba si wote.

Wenzake wanne kutoka machimboni wamekuja jioni, wamesikia. Wamekaa chini ya mkorosho, nimewaeleza kuhusu ritoti: chungu kidogo cha chuma chenye kifuniko cha kufunga na bomba linaloshuka hadi kwenye maji. Donge linachomwa ndani, mvuke unapita bombani, unapoa, unadondoka tena kuwa zebaki ya kutumia mara nyingine. Mmoja akakokotoa papo hapo ni pesa ngapi za zebaki amezipuliza hewani msimu uliopita, na hesabu hiyo ndiyo iliyowagusa kuliko maelezo yangu ya ubongo. Sawa. Wakishawishika kwa njia hiyo nafurahi.

Wengine wameuliza kama serikali itawakamata. Nimewaeleza nilivyojua: Tanzania ilitia saini Mkataba wa Minamata mwaka 2013 na kuuridhia 2020, na mkataba huo unazitaka nchi zichukue hatua za kukomesha kuchoma donge kwenye makazi ya watu, pamoja na kuchoma bila chombo cha kunasia mvuke. Umeandikwa hivyo, makazi ya watu. Nyumba ya mama yako imo.

Jumamosi, 10 Agosti

Jiko jipya limesimama upande wa pili wa uwanja, kuta wazi nusu. Nimechukua sampuli ya udongo wake kabla moto wa kwanza haujawashwa, na chupa tupu moja. Mkojo wa wote wawili utapimwa tena Oktoba, minada ya korosho ikianza.

Naandika hapa ili nikimpa mtu daftari hili alikute: kama kuna kijana wa nyumba yenu anarudi na mzigo wa machimbo, asiuchomee ndani, hata mara moja, hata mlango ukiwa wazi. Nguo zake zifuliwe mbali na za watoto. Na akishawahi kuchomea ndani, msimpime yeye peke yake. Mpimeni anayepika.